Mwakata, 2015: Barafu, Ukuta na Kumbukumbu

Usiku wa Jumanne, Machi 3, 2015, mvua ya mawe ilishuka kwenye kata ya Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Ilikuja na upepo mkali, na watu wengi walikuwa ndani, wengine wameshalala. Hesabu ilipofanyika, waliokufa walizidi 40. Mamia ya nyumba zilikuwa chini, mazao yamelala shambani, mifugo imekufa. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika kuwapa pole wafiwa.

Tukio lile likasimuliwa kama maajabu. Barafu, tena Shinyanga! Mkoa ambao ukiutaja kwa mtu wa Dar, anachoona kichwani ni jua, vumbi na ng'ombe. Hata Marekani na Ulaya habari ilipokelewa hivyo hivyo: barafu imeua watu Afrika. Mimi neno hilo "maajabu" limenisumbua tangu siku ile, na sababu ya kwanza ni ya lugha.

Angalia maneno yetu ya baridi. "Theluji" tumelipata kwa Waarabu. "Barafu" asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji. Yote mawili yamekuja na majahazi, kwa sababu pwani hakuna mtu aliyewahi kuamka akakuta theluji mlangoni. Lakini kile kinachoanguka kutoka mawinguni kwa vishindo hatukukiazimia jina. Tumekiita mvua ya mawe, kwa maneno ya nyumbani kabisa, ya mtu aliyesimama chini yake akapigwa. Yaani Kiswahili chenyewe kinashuhudia kwamba jambo hili tunalifahamu.

Shuleni tulifundishwa majira manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Ni kalenda ya pwani, imetokana na pepo za Bahari ya Hindi. Shinyanga haiifuati vizuri. Kule mvua ni msimu mmoja, unaanza kama Novemba na kuishia Aprili au Mei, katikati ukipumzika kidogo. Kipupwe cha Juni na Julai ni kikavu: usiku unajifunika, mchana unatafuta kivuli. Barafu ya Kanda ya Ziwa haina uhusiano na baridi hiyo. Inakuja wakati wa joto, na joto lenyewe ndilo linaloitengeneza. Hewa yenye unyevu, nyingine ikitoka Ziwa Victoria, inapanda juu kwa kasi hadi mahali ambapo maji yanaganda, takriban kilomita 5 juu ya usawa wa bahari. Tone likishaganda linashikiliwa juu na upepo huo unaopanda, likizidi kuvaa barafu, hadi linakuwa zito kiasi kwamba upepo hauwezi kulishika. Na Shinyanga yenyewe iko juu kwa zaidi ya mita 1,000. Jiwe la barafu lina safari fupi ya kuyeyuka kuliko lingekuwa nayo Tanga.

Sasa tazama majirani. Kericho na Nandi, upande wa pili wa ziwa, ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Rekodi zao zimehesabu zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Kule adui ni hasara ya majani ya chai, na miaka ya 1960 walifika mahali pa kurusha roketi mawinguni wakijaribu kuyavuruga mawe kabla hayajakua. Nyahururu, Septemba 2008, mteremko wa mlima ulifunikwa na barafu nyeupe, na watu wakatoka na watoto wao kuichezea, wakidhani ni theluji. Kwetu huku, Makete na uwanda wa Kitulo, baridi ya Juni huja na umande unaoganda na kuunguza viazi. Mkulima wa kule anaijua tarehe yake, anapanga shamba kwa kuikwepa, na moto wa jikoni kwake ni sehemu ya nyumba.

Barafu imepiga sehemu zote hizo. Kericho wakahesabu chai, Nyahururu wakacheza, Makete wakapanga upya shamba. Mwakata tulihesabu maiti. Tofauti haiwezi kuwa barafu peke yake.

Taarifa za siku zile zilieleza jambo ambalo lilipita haraka: wengi waliokufa waliangukiwa na kuta. Nyumba zilikuwa za tofali mbichi, zile za udongo uliofyatuliwa na kukaushwa juani. Tofali hilo likiwa kavu linabeba paa miaka na miaka. Likilowa kuanzia chini, linarudi kuwa tope, na ukuta mzima unashuka kwa mara moja, mzito, juu ya aliyelala. Upepo ukishaezua bati, ukuta unakosa hata kile kidogo kilichokuwa kinaufunga juu. Kwa hiyo ukiniuliza historia ya usiku ule ianzie wapi, nitakwambia ianzie kwenye ukuta, siyo kwenye wingu.

Nyumba ya zamani ya Usukuma ilikuwa msonge: duara la miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, juu paa la nyasi lililoshuka chini hadi karibu na kiuno cha mtu. Sisemi ilikuwa pepo. Ilikuwa na giza, moshi, na ilishika moto. Ila kwa mvua ilikuwa na akili. Nyasi zililinda ukuta usipigwe, na udongo ukibanduka, miti ilibaki imesimama. Asubuhi mnakandika upya.

Msonge unataka miti, na miti ndiyo iliyoondoka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha kampeni ya kufyeka mapori Shinyanga ili kumfukuza mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga. Watu kwa maelfu walitolewa kufyeka. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na pori likazidi kurudi nyuma. Miaka ya 1950 Wasukuma wengi walihamia Geita kutafuta ardhi, wakafyeka na kule. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: familia zikahamishwa kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika na ngitili zao, yale malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, zikapangwa kwenye mistari ya kijiji. Mwaka 1986 mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza kurudisha ngitili hizo, na ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Miti ilirudi kwa ajili ya kuni na malisho. Msonge haukurudi, na sidhani kama kuna kijana anayeutaka. Anataka nyumba ya pembe nne na bati, na ana haki.

Tatizo ni kwamba alichoweza kukimudu ni nusu ya nyumba hiyo. Bati analo. Tofali la kuchoma linataka tanuru, na tanuru linataka kuni ambazo hazipo, au pumba mahali penye mpunga. Saruji ni ya kupigia hesabu mfuko kwa mfuko. Basi anaweka paa la kisasa juu ya ukuta wa udongo mbichi, bila miti ndani yake wala nyasi za kuukinga.

Kwenye ukanda wa dhahabu hali hii ina sura yake. Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ikafufuliwa mwaka 2000 kwa mgodi mkubwa. Kuuzunguka na hata mbali nao, wachimbaji wadogo wanafuata rashi: dhahabu ikisikika, mji unaota kwa wiki moja, maturubai, mabanzi, tofali mbichi, karasha na mwalo pembeni. Nani ajenge msingi wa mawe mahali ambapo atahama mwamba ukikata? Na mvua ile ile inayolowesha ukuta inalowesha duara. Januari 2024, kule Ng'alita, Bariadi, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, kifusi kiliwafukia na kuwaua watu 22 msimu wa mvua ukiwa umekolea. Kwenye duara watu wanaweka matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, kwa sababu kila mchimbaji anajua udongo uliolowa haumjui mtu. Akirudi nyumbani analala chini ya ukuta usio na timba hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliruka. Mwakata iko kwenye halmashauri ya Msalala, na halmashauri hiyo hiyo ndiyo yenye mgodi wa Bulyanhulu, unaoshuka mamia ya mita chini ya ardhi. Huko chini kuta zinapimwa na wahandisi. Juu, mwaka 2015, ukuta ulipimwa na mvua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, inatuambia zinazozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ni taarifa sahihi na ya lazima. Lakini mama aliyeko Kahama na watoto wanne hana kipimo cha milimita. Ana ukuta. Angeambiwa: ukuta wa tofali mbichi ukilowa hadi magotini, watoto watoke upande huo, na usiku wa radi wasilale wameuegemea, kabla ya Novemba panga mawe chini, chimba mfereji, refusha upenu wa paa. Mafundi wa vijijini wanayajua haya, wangeweza kuyafundisha kwa siku moja chini ya mwembe. Mvua ya mawe itarudi Shinyanga, kama ilivyokuja kabla hatujaipa jina.