Taabu za Wamisionari wa Kwanza katika Nchi za Embu na Meru

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru kwa gari hivi leo huvuka Thuci, Nithi, Mutonga na mito mingine iteremkayo kutoka Mlima Kenya, na aghalabu haitambui ila kwa jinsi barabara inavyojipinda na kushuka. Lakini kwa wamisionari waliofika nchi hizo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mito hiyo ndiyo iliyoamua lini watasafiri, watakula nini, na baada ya muda gani watapata habari za kwao. Walikaa bara, mbali na bahari, na juu ya hayo walitengwa na ulimwengu kama watu wa kisiwani.

Serikali ya Kiingereza ilijenga boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na wahubiri wakafuata nyuma yake. Mwaka 1910 Waanglikana wa chama cha CMS (Church Missionary Society) walifungua kituo Kigari, karibu na Embu, chini ya Daktari Crawford wa Kanada. Mapadri wa Consolata, ambao shirika lao lilizaliwa Turin, Italia, waliingia Meru mwaka 1911. Na mwaka 1912 Wamethodisti, ambao tangu 1862 walikuwa wakihubiri Ribe, nyuma ya Mombasa, walipanda kutoka nchi ya minazi hadi Kaaga, wakiongozwa na J. B. Griffiths.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kutoka hapo kwenda mbele kila kitu kilichukuliwa kichwani. Mathalani sanduku la dawa lililotoka Uingereza kwa meli, likapakuliwa Mombasa na kupandishwa kwenye gari la moshi, halikuwa na budi kugawanywa kuwa mizigo ya ratili 60 hivi, kila mzigo na mpagazi wake. Mtu huyo aliteremka korongoni kwa njia ya udongo mwekundu unaoteleza, akavuka juu ya magogo yaliyolowa huku mkono mmoja ukishika mzigo na wa pili ukitafuta pa kujizuia, kisha akapanda ng'ambo ya pili, ilhali korongo lingine lamngoja mbele. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikikaza na mto ukifurika, msafara mzima ulilala ukingoni, na mgonjwa aliyehitaji kwinini akazidi kungoja.

Waliofika salama walijenga nyumba za udongo na kuziezeka kwa nyasi, wakavamiwa na siafu usiku na funza mchana, na homa ikawashika kila waliposhuka nchi za chini zenye joto. Zaidi ya hayo palikuwa na dhiki ya lugha, kwa kuwa msemo wa Embu si wa Mwimbi, wala wa Mwimbi si wa Imenti. Na dhiki ya kutoaminiwa, maana wazee walimwona mhubiri akija katika nyayo za serikali ile ile iliyotoza kodi ya nyumba, na ambayo mwaka 1917 iliwachukua vijana kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya vita, wengi wao wasirudi.

Lakini ni dhuluma kuzihesabu taabu hizi kana kwamba ni za Wazungu peke yao. Chogoria, kituo cha Waskoti kati ya Embu na Meru, ambako Daktari Clive Irvine alifika mwaka 1922 kuanzisha hospitali kwa msaada wa mali ya mfadhili wake Ernest Carr, kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa miaka kadhaa kabla yake na walimu Waafrika waliotoka Ukikuyu, miongoni mwao Daudi Makumi. Hao nao walikuwa wageni. Nao waliacha jamaa zao, wakavuka mito ile ile, wakafundisha watu waliowatilia shaka. Na ulipozuka mwaka 1929 ule ugomvi mkubwa juu ya tohara ya wasichana, waumini wengi wakaliacha kanisa la Chogoria, aliyebaki ndani alikabiliwa na lawama za ndugu na majirani aliochota nao maji kila siku, lawama ambazo mmisionari hakuweza kuzibeba kwa niaba yake.

Barua za wamisionari zilihifadhiwa London, Edinburgh na Turin, na kwa hiyo subira yao inajulikana na kusifiwa, nao wanastahili sifa hiyo. Mpagazi hakuandika barua, wala mkewe mwalimu aliyelima shamba katika nchi ya ugenini. Makanisa ya Embu na Meru yanapoadhimisha miaka yao, ni wajibu wao kuwauliza wajukuu wa watu hao majina ya babu na bibi zao, na kuyaandika katika ukurasa mmoja na ya Crawford, Griffiths na Irvine. Kwani bila mabega yao hakuna hata kituo kimoja kati ya hivyo ambacho kingesimama.