Ndege Iliyofungwa Spidi

Leo tuweke kompyuta kando kidogo.

Mwaka 2004 Marekani iliruhusu ndege nyepesi za michezo: viti 2, injini moja, kilo 600 pamoja na watu na mafuta, spidi isizidi kilomita 222 kwa saa. Nia ilikuwa kupunguza gharama ya urubani. Lakini nyingine zingeweza kukimbia zaidi, zikafungwa kwa kurekebisha propela. Na wakipanda wawili wanene, mafuta yanapunguzwa!

Kumbe ukianguka, kinachoumiza ni mwendo wa kugusa ardhi. Kipimo hicho kilikuwamo tangu mwanzo: ndege iweze kuelea hata kwa kilomita 83. Oktoba 2025 marubani hao waliondolewa kikomo cha uzito, na kipimo hicho kikapandishwa hadi 109.

Miaka 21 kufuta mistari miwili ya kodi. Mwaonaje?