Komoro: Dini Moja na Dola Iliyopungukiwa Kisiwa

Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, ilikuwa na karibu kila kinachosemwa kuwa msingi wa taifa. Watu wa Ngazija, Nzuwani, Mwali na Mayotte karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, wameoleana kwa karne nyingi, na lugha ya wengi wao ni ndugu wa Kiswahili. Hata hivyo dola iliyozaliwa ilibaki na visiwa vitatu, Mayotte ikasalia mikononi mwa Ufaransa. Wengi hueleza jambo hilo kwa hila za Ufaransa peke yake. Hila zilikuwepo. Lakini ziliukuta mlango umekwisha kuachwa wazi na wanasiasa wa visiwani, walioutegemea udugu wa dini ufanye kazi ya siasa, yaani kugawana madaraka, ajira na makao ya serikali.

Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kijisiwa kilicho pembeni mwa Mayotte. Mwaka 1958 wajumbe wa baraza la visiwa, wengi wao wa Ngazija na Nzuwani, waliamua yahamie Moroni, kisiwani Ngazija. Kwa hesabu ya idadi ya watu uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa Mayotte ilikuwa na wakazi wachache. Kwa watu wa Mayotte, ofisi ziliondoka, biashara ikadorora, na wanaume waliofuata kazi Moroni wakawaacha wake zao nyuma. Ndiyo maana wanawake, akiwemo Zéna M'Déré, walikuwa mstari wa mbele wa upinzani katika miaka ya 1960. Kiongozi akija kutoka Moroni, walimzingira na kumtekenya mpaka aondoke. Hao walikuwa Waislamu kama waliowapinga; hakuna aliyebishania kibla.

Wakati huohuo Wakomoro waishio Dar es Salaam walianzisha chama cha ukombozi, MOLINACO, kilichodai uhuru wa visiwa vyote vinne vikiwa nchi moja. Dai lilikuwa la haki, nami nalitetea hata leo. Ila kudai umoja mbele ya mkoloni ni kitu kimoja, na kumhakikishia mnyonge wa ndani nafasi yake ni kingine. Katika kura ya maoni ya tarehe 22 Desemba 1974, karibu asilimia 95 ya wapiga kura wote walitaka uhuru, lakini Mayotte karibu thuluthi mbili waliukataa. Bunge la Ufaransa lilipokuja na sharti kwamba katiba ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa, kiongozi wa serikali ya visiwa, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 bila kungoja.

Atakayesema kwamba Ufaransa ilibadili kanuni mchezo ukiwa umeanza atakuwa amesema kweli. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwezi Novemba 1975 ikiwa nchi ya visiwa vinne, na Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu kuilinda Mayotte. Lakini kanuni ya Julai 1975 haiwezi kuwa ndiyo iliyozaa kura za hapana za Desemba 1974. Wengine hutaja damu ya Kimalagasi kuwa ndiyo sababu, wakikumbusha kwamba aliyeitoa Mayotte kwa Ufaransa mwaka 1841 alikuwa Andriantsoly, mtawala aliyetoka Madagaska. Basi na tuitazame Nzuwani, kwao Ahmed Abdallah mwenyewe. Mwaka 1997 Nzuwani na Mwali nazo zilijitenga, zikathubutu hata kuiomba Ufaransa izirudishe chini yake, ikakataa. Nzuwani hakukuwa na Andriantsoly. Kilichokuwepo ni manung'uniko kwamba Moroni imejilimbikizia kila kitu. Katiba ya mwaka 2001 iliyokusudiwa kuumaliza mgogoro huo iliweka urais wa zamu baina ya visiwa, na kila kimoja kikapewa rais wake na baraza lake. Ilikuwa imepita miaka 43 tangu uamuzi wa kuihama Dzaoudzi.