Samizdat: utani wa mshairi uliogeuka neno

Neno samizdat, ambalo leo limo katika kamusi za lugha nyingi, lilianza kama utani wa mshairi. Katika miaka ya 1940, huko Moscow, Nikolai Glazkov alikuwa akipiga chapa mashairi yake kwa taipureta na kuyafanya vijitabu vya kuwagawia marafiki. Mashirika ya uchapishaji ya dola yalikuwa na majina ya mkato yaliyoishia na izdat, yaani uchapishaji. Glazkov, ambaye tungo zake hazikupata nafasi huko, alibuni shirika lake la mzaha: Samsebyaizdat, mimi mwenyewe najichapisha. Baadaye neno lilipunguzwa silabi, likawa jina la utamaduni mzima.

Mitambo ya kuchapia ilikuwa chini ya dola. Taipureta ya nyumbani haikuwa hivyo. Mwandishi alipanga karatasi nyembamba, akapachika kaboni katikati yake, akagonga herufi kwa nguvu ili alama ifike hadi karatasi ya chini kabisa. Nakala ya mwisho ilisomeka kwa taabu. Aliyeazimwa andiko, pengine kwa usiku mmoja tu, aliweza kulipiga chapa upya na kuwapa wengine. Hivyo msomaji naye alikuwa mchapishaji, na hatari ilimhusu.

Mwaka 1959 Alexander Ginzburg alianzisha jarida la ushairi liitwalo Sintaksis. Naam, wanaisimu, maana yake ni sintaksia! Yalitoka matoleo matatu: mawili ya washairi wa Moscow, la tatu la wale wa Leningrad, akiwamo kijana Joseph Brodsky. Ginzburg hakujificha, aliandika jina lake jaridani. Mwaka 1960 alikamatwa, kisha akafungwa miaka miwili, lakini si kwa kosa la mashairi. Alishtakiwa kwa kughushi hati ili amfanyie mtu mwingine mtihani. Naona katika mashtaka hayo namna ya woga: dola kubwa haikutaka kusema waziwazi kwamba inamfunga mtu kwa ajili ya beti.

Aprili 1968 mshairi Natalya Gorbanevskaya alipiga chapa toleo la kwanza la Khronika, jarida lililoorodhesha upekuzi, kesi na vifungo, kwa lugha kavu isiyo na sifa wala laana. Kwa mtunzi wa mashairi, kujinyima vivumishi namna ile ni kazi. Mwenye habari alielekezwa ampe yule aliyempatia jarida, naye ampe aliyempa, hadi habari imfikie mhariri; ila asijaribu kuufuatilia mnyororo wote mwenyewe, asije akadhaniwa ni mpelelezi.

Gorbanevskaya alikamatwa Desemba 1969, akatangazwa mgonjwa wa akili, akazuiliwa hadi Februari 1972, sehemu ya muda huo katika hospitali maalumu ya Kazan. Taipureta zilishikwa na wengine, na Khronika iliendelea kutoka hadi 1983.