Shauri la Dred Scott, 1846–1857



Hesabu za fedha huchukua nafasi kubwa katika taarifa hii, nayo ni haki yake, kwani fedha ni za wanachama. Hata hivyo tumeona vema kutenga ukurasa kwa habari ya Dred Scott wa Marekani, aliyezaliwa utumwani akaenda kortini kudai uhuru wake. Ndani ya habari hii mna mambo ambayo kila chama kama chetu huyajua: ushahidi, gharama, wakili na subira.

Dred Scott alizaliwa Virginia karibu na mwaka 1799, akiwa mali ya jamaa ya Blow. Mwaka 1830 jamaa hiyo ilihamia St. Louis, katika jimbo la Missouri, naye akaletwa pamoja nao. Baadaye aliuzwa kwa Dk. John Emerson, daktari wa jeshi. Mwaka 1833 daktari huyo alipelekwa katika ngome ya Fort Armstrong, jimbo la Illinois, ambako utumwa ulikatazwa. Mwaka 1836 akahamishiwa Fort Snelling, katika nchi ambayo leo ni Minnesota, ambako sheria ya Bunge ya mwaka 1820 ilikataza utumwa vile vile. Kote huko alifuatana na Scott. Katika ngome hiyo ya pili Scott alimwoa Harriet Robinson mbele ya ofisa wa serikali. Jambo hili si dogo, maana katika majimbo ya utumwa ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria. Wakajaliwa mabinti wawili, Eliza na Lizzie.

Jamaa hii ilirudishwa St. Louis, na daktari akafariki mwaka 1843. Mjane wake, Bibi Irene Emerson, aliwakodisha kwa watu wengine, na ujira wao ukawa wake. Ndipo tarehe 6 Aprili 1846 Dred na Harriet walipopeleka kortini kila mmoja shauri lake. Dred hakujua kuandika. Alitia alama tu penye jina lake. Nalo shauri la Harriet lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa kwa sheria mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mabinti wangeweza kuuzwa siku yoyote.

Hawakuomba jambo geni. Tangu mwaka 1824 Korti Kuu ya Missouri ilikuwa imeshika kanuni kwamba mtumwa aliyekalishwa na bwana wake katika nchi huru amekuwa huru, wala uhuru huo haumtoki arudipo. Mashauri zaidi ya 300 ya namna hiyo yalipelekwa katika korti ya St. Louis, na wengi waliyashinda.

Lakini mwaka 1847 Scott alishindwa, na sababu yake yafaa tuitafakari. Ilimpasa athibitishe kwamba Bibi Emerson ndiye aliyemshika utumwani. Shahidi aliyeletwa kusema kwamba alimkodi Scott kwa bibi huyo, alipoulizwa sana, alikiri kwamba mapatano yalifanywa na mkewe, naye alilipa fedha tu. Ushahidi ukakataliwa. Hivyo mtu aliyejulikana na mji mzima kuwa mtumwa wa Bibi Emerson alibaki mtumwa wake, kwa sababu jambo hilo halikuthibitishwa kortini! Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Korti ilikubali shauri lisikizwe tena. Wakati wa kungoja, ofisa wa korti aliwakodisha Scott na mkewe na kuuweka ujira wao. Mwaka 1849 mji ulipatwa na moto mkubwa na kipindupindu, shauri likakawia. Tarehe 12 Januari 1850 wazee wa baraza walitamka kwamba Scott ni mtu huru. Bibi Emerson akakata rufani, na mwaka 1852 Korti Kuu ya Missouri, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikaitupa kanuni yake yenyewe ya miaka 28. Sheria ya Illinois haikuwa imebadilika. Iliyobadilika ni siasa, kwa kuwa ugomvi juu ya utumwa ulikuwa umezidi ukali.

Nani aliyelipa gharama? Wana wa jamaa ile ile ya Blow, waliokua pamoja naye, walisaidia kwa fedha na dhamana. Mawakili nao walijitolea. Montgomery Blair alimtetea mbele ya Korti Kuu ya Marekani pasipo malipo.

Korti hiyo ilitoa hukumu tarehe 6 Machi 1857, majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Mkuu Roger Taney alisema kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina uwezo wa kukataza utumwa katika nchi zilizokuwa bado hazijawa majimbo. Jaji Benjamin Curtis alimpinga kwa kumbukumbu zilizoandikwa: katika majimbo matano watu weusi walio huru walikuwa na haki ya kupiga kura hata kabla ya katiba kutungwa.

Bibi Emerson alikuwa ameolewa tena, na mume wake mpya alikuwa mbunge mpinga utumwa. Kwa aibu, jamaa ya Scott ikahamishwa kwa Taylor Blow, naye akawaandikia uhuru tarehe 26 Mei 1857. Dred akafanya kazi hotelini, na Harriet akafua nguo, kwa ujira wao wenyewe. Dred alifariki kwa kifua kikuu tarehe 17 Septemba 1858. Harriet aliishi hadi 1876, akaona vita vya 1861 hadi 1865, utumwa ukifutwa katika katiba mwaka 1865, na uraia alionyimwa mumewe ukiandikwa humo mwaka 1868.

Basi ndugu, tuhifadhi stakabadhi zetu, tuwaandike mashahidi wetu mapema, wala tusichoke kuchanga kwa ajili ya mwenzetu ambaye shauri lake linakawia.