Mafundi wa redio wa bonde la Ruzizi: jinsi walivyotengeneza bila vipuri



Watu wanapokimbia vita huku kwetu, vitu vinavyobebwa kwanza vinajulikana: watoto, sufuria, mkeka, unga kidogo, na redio kama ipo. Redio ndiyo inayomwambia aliye porini kama barabara imefunguliwa, kama kijiji chake kimetulia, na wakati mwingine kama mtu wake yuko hai. Lakini redio huanguka njiani, hunyeshewa na mvua, huishiwa mawe. Na kipuri chake halisi hakipatikani. Leo tunaeleza historia ya watu walioziwezesha redio hizo kuendelea kusema.

Zamani redio zilikuwa za taa. Zilikuwa nzito, zilikula umeme mwingi, na mtu wa kijijini hakuzimiliki. Transista iligunduliwa Marekani mwaka wa 1947, na redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani huko mwaka wa 1954. Katika miaka ya uhuru redio hizo zikafika hadi vijijini, kwa sababu mawe manne makubwa yalizitosha. Jiwe moja lina volti 1.5, manne yanafanya volti 6. Neno lenyewe linaonyesha jinsi kitu hiki kilivyoingia katika maisha yetu: sisi tunasema mawe, na Warundi wanasema amabuye, yaani hayo hayo mawe.

Siku zile kipuri kilinunuliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakuwa na mtaji wala njia ya kuagiza bidhaa, na rafu zikabaki tupu. Kwa fundi wa Uvira, Bujumbura ilikuwa karibu kuliko Kinshasa. Ukivuka mpaka wa Kavimvira na kupita Gatumba, umefika. Lakini Julai 1996, Buyoya alipochukua madaraka, mataifa jirani yaliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Kabla ya mwaka 1996 kwisha, vita vikaingia kwetu pia. Njia ya vipuri ikawa shida pande zote.

Hapo ndipo ufundi wetu ulipokomaa. Fundi aliacha kuuliza kipuri kinaitwaje, akauliza kinafanya kazi gani. Antena ni chuma kinachopokea mawimbi, kwa hiyo spoki ya baiskeli au kipande cha waya kinaweza kufanya kazi hiyo. Kwa stesheni za FM, waya wa sentimita 75 hivi unatosha. Kwa mawimbi mafupi, mrefu zaidi, ufungwe juu ya mwembe. Kamba inayozungusha mshale wa stesheni ikikatika, uzi wa nyavu wa wavuvi wa Tanganyika unachukua nafasi yake. Spika iliyochanika inazibwa kwa karatasi nyepesi na gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Pasipo umeme, chuma cha kulehemu kinapashwa moto katika jiko la makaa, na risasi inatolewa kwenye bodi ya redio iliyokufa.

Kazi nyingine zilihitaji hesabu. Kapasita ya maikrofaradi 1000 ikikosekana, mbili za 470 zikiunganishwa sambamba zinakaribia kiasi hicho. Lakini volti zilizoandikwa juu yake zisipungue za ile ya zamani, la sivyo itapasuka. Redio za zamani zilikuwa na transista za jerimani, kama AC128. Zilipoadimika, fundi aliweka za silikoni, redio ikaongea kwa sauti ya kukwaruza. Sababu ni kwamba jerimani huanza kufanya kazi kwenye volti 0.2 hivi, silikoni kwenye 0.6. Ilibidi abadilishe na rezista iliyo karibu, ndipo sauti inyooke. Mtu aliyegundua hilo peke yake mezani, bila kitabu, hakuwa wa kubahatisha.

Faida ya kazi hiyo ilionekana wakati wa shida. Kati ya mwaka 1993 na 1996 wakimbizi wa Burundi na Rwanda zaidi ya laki mbili walijaa huku Uvira, katika kambi kama Luberizi, Runingo na Kagunga. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia, ili watu waliotawanyika watafutane. Mwaka huo huo Radio Agatashya, yaani mbayuwayu, ilianza kutangaza kutoka Bukavu, na ikanyamaza vita vilipofika huko Oktoba 1996. Tangazo la kumtafuta mtoto husomwa kisha linapita. Kama redio yenu ilikuwa kimya saa hiyo kwa sababu ya waya mmoja uliong'oka, jina la mtoto wako lilipita bila wewe kulisikia. Basi aliyeurudisha waya ule kwa risasi ya kuokota naye alisaidia kuunganisha familia.

Mwisho wa mwaka 1996 ikawa zamu yetu. Watu wa Kivu Kusini walivuka ziwa hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Vita vya Agosti 1998 vikawapeleka wengine. Fundi aliyekimbia aliweza kupoteza meza, koleo na sanduku lake lote. Alichojua hakikuporwa. Alipofika alihitaji makaa, kipande cha chuma na redio moja mbovu ya kuchambua, kisha kazi ikaanza tena.

Baada ya hapo vifaa vilibadilika. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, na simu za mkononi zikaenea miaka hiyo hiyo. Betri ya simu ndogo za Nokia, ile BL-5C, ikageuka kuwa betri ya kila kitu: redio ndogo za Kichina, taa, vipaza sauti. Redio ya mawe mawili inataka volti 3, betri hiyo ina 3.7, diodi moja njiani inapunguza 0.7 hivi, na hesabu inakubali. Mawe yanapokosekana dukani, betri hii huchajiwa kwa sola na kazi inaendelea.

Redio za sasa zina kitu kimoja kidogo cheusi kinachofanya karibu kazi yote, na kikiungua hakuna cha kuchambua. Hata hivyo, mara nyingi kilichokufa si hicho. Ni swichi, tundu la chaja, waya wa spika au betri. Kwa hiyo usitupe redio kabla fundi hajaifungua, na hata iliyokufa kabisa mpe: inazo vipuri vya redio ya jirani yako.

Mambo mawili tu tuwaonye. Fyuzi isibadilishwe kwa karatasi ya sigara inayong'aa wala kwa waya mnene. Kazi ya fyuzi ni kukatika, na ikishindwa kukatika, nyumba ya turubai inawaka. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe, isianikwe juani, isilale karibu na watoto. Kubadilisha kipuri maana yake kingine kifanye kazi ile ile, na kuzuia hatari ni kazi pia.

Wazee waliofanya kazi hii tangu wakati wa Zaire wanapungua. Kama yuko mmoja katika kambi au mtaa wenu, mpelekeeni kijana wa kukaa naye mezani. Vita vya miaka hii vimetutawanya tena, na matangazo ya kutafuta watu bado yanasomwa.