Nesi Ndiye Alikuwa na Funguo

Wasee, hii wengi wetu tunaijua. Unafika hospitali, sista anakufunga mpira mkononi, anagongagonga ngozi, anadunga, anakosa. Anahamia mkono mwingine, anakosa tena. Kwako ni dakika kumi za kuuma meno. Kwa mtu wa sikoseli, aliyedungwa tangu utotoni hadi mishipa ikachoka, hayo ndiyo maisha. Halafu ukitoka hapo unamlaumu sista. Mimi nimesoma historia ya hii kitu na naona tunalaumu mtu asiyefaa.

Twende Ujerumani, 1929, mji wa Eberswalde karibu na Berlin. Daktari kijana, Werner Forssmann, ana wazo: kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi ufike moyoni. Bosi wake anakataa. Shida ya pili, vifaa vya upasuaji vimefungiwa, na funguo anazo nesi, Gerda Ditzen. Kwa stori aliyoisimulia Forssmann mwenyewe baadaye, alimbembeleza mpaka akakubali kutoa vifaa, na akajitolea yeye ndiye ajaribiwe. Jamaa akamfunga kwenye meza, akajifanya anamtayarisha, kumbe anajidunga mwenyewe! Akasukuma mrija sentimita 65, wakashuka hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha umefika moyoni. Mwaka 1956 Forssmann akapata Nobel pamoja na madaktari wengine wawili. Bila zile funguo hakuna kitu kingefanyika, lakini Ditzen hakuwa kwenye orodha.

Hapo mrija ulipatikana. Macho ya kuona mshipa yalikuja kwa njia nyingine kabisa, kutoka vitani. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Paul Langevin alitumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii kutafuta nyambizi chini ya bahari. Baadaye viwanda vikatumia sauti hiyohiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow akabeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akautia kwenye buti ya gari, akaupeleka kiwandani kuupima na mashine ya chuma. Ikafanya kazi. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha zao, na altrasaundi ikaingia hospitalini.

Lakini iliingia kwa mlango wa madaktari. Huku wodini, manesi wa Marekani walikuwa wameshachukua kazi ya kuweka mirija mirefu, ile inayoingilia mkononi na kuishia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Waliiweka kwa macho na vidole tu, pale kwenye kunjo la kiwiko. Mshipa usipoonekana, ni kubahatisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, manesi wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakachukua altrasaundi na kuipeleka kitandani kwa mgonjwa. Na ukweli ni kwamba kanuni yake inaeleweka. Kwenye skrini, damu ni nyeusi. Bonyeza kidogo: mshipa wa vena unalala bapa, ateri inagoma na inapigapiga. Sindano inaonekana kama nukta nyeupe. Ghafla nesi anaweza kufikia mshipa ulio ndani kabisa, juu ya kiwiko, ambao hakuna kidole kingeupata. Ustadi wenyewe unataka mazoezi mengi, lakini ni mazoezi ya mikono na macho, vitu ambavyo manesi wanavyo.

Ripoti kubwa ya serikali ya Marekani ya 2001 ilipima mbinu 79 za kumlinda mgonjwa, na altrasaundi kwenye mishipa mikubwa ikawa kati ya 11 zilizosifiwa zaidi. Uingereza ikaipendekeza 2002. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini, manze.

Mimi niliacha kampasi bila cheti, kwa hivyo swali la nani anaruhusiwa kushika nini hunikereketa. Sisemi kila mtu ashike sindano. Nasema hii historia yote ni ya watu waliokuwa na uwezo wakingoja ruhusa. Hapa Kenya, mwaka 2022 wakunga walianza kupewa altrasaundi za mkononi zinazochomekwa kwenye simu, waangalie mimba. Kama mkunga anafunzwa na anaweza, kwa nini nesi wa wodi ya watoto Homa Bay au Kilifi, ambako sikoseli iko kwa wingi, abaki anapapasa ngozi?

Kwa hivyo siku nyingine sista akikosa mshipa, usimkunjie uso. Uliza ile mashine iko wapi, na imefungiwa kwenye ofisi ya nani. Mwaka 1929 funguo alikuwa nazo nesi. Leo anazo nani?